Joto Linatoka Wapi, Linakwenda Wapi?

Mtu wa Unguja akilisikia jina la Miembeni, moyo wake humwendea Ng'ambo ya mji wake, kwenye njia alizozizoea na mabaraza anayoyajua. Lakini iko Miembeni nyingine, mbali na harufu ya chumvi, katika mji wa Bukoba, kwenye ukingo wa magharibi wa Ziwa Victoria. Huko maji ya ziwa yamelala zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, vilima huanza pale mitaa inapokoma, na mvua hainyeshi kwa msimu tu: hufika kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, ikaipa migomba na mibuni ya Wahaya ujani ambao mgeni hudhani umepakwa rangi.

Katika Miembeni hiyo iko gereji isiyo na ukuta wala kibao. Ina mabati ya kukinga mvua, shimo la kuingilia chini ya magari, na benchi la mbao ambalo wenye magari hukalia wakisubiri hukumu. Asubuhi moja ya Aprili 2023 aliketi hapo mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkoba mapajani, miwani imening'inia kifuani. Mwenye gereji alipotoka shimoni alijifuta mikono kwa haraka kabla ya kumwamkia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Alimfundisha Sayansi darasa la tano mwaka 1988. Hata sasa, kijana yule akiwa ameota mvi masharubuni, hakuweza kusimama mbele yake na mikono michafu.

Gari lililoletwa lilikuwa Toyota Land Cruiser VX la ule mfululizo wa 100, uliotoka viwandani kuanzia 1998 hadi 2007. Injini ya dizeli yenye silinda 6, giaboksi ya otomatiki yenye gia 4. Kila Mtanzania analijua gari hilo hata kama hajapata kulipanda. Ndilo lililowabeba wakubwa katika misafara yao, na wananchi, kwa ulimi wao usioshindwa, wakalipachika jina la shangingi, ambalo kabla ya hapo lilikuwa la mwanamke anayejipamba kupita kiasi ili atazamwe. Kizazi kilichotangulia kilikuwa na neno lake, wabenzi, kwa waliopanda Mercedes-Benz wakati wenzao wakienda kwa miguu.

Marehemu mumewe Mwalimu, aliyekuwa mtumishi wa ushirika wa kahawa, alilinunua mnadani mwaka 2011, likiwa limekwisha kuchoka kubeba waheshimiwa. Ngozi ya viti ilikuwa imepasuka, na rangi ya boneti imepauka, lakini yeye alilipangusa kila Jumamosi kama kwamba lingekaguliwa. Alipofariki mwaka 2019, gari lilibaki kuwa daraja kati ya nyumba ya Miembeni na kibanja cha Kamachumu, wilayani Muleba, ambako amezikwa katikati ya migomba yake kama ilivyo desturi ya kwao. Na Mwalimu alijua jambo ambalo kila mjane wa Kihaya analijua bila kufundishwa: kibanja kisichotembelewa na mwenyewe hakikawii kupata mwenyewe mwingine. Jirani wa huko, kwa upande wao, walikuwa wamekwisha kusahau jina la shangingi na kejeli yake. Kwao hilo lilikuwa gari linalotoka kwenye tope usiku wa manane na kumfikisha mama mwenye uchungu katika hospitali ya Ndolage.

Kutoka Bukoba kwenda huko, njia hupita Kemondo, ikafika Muhutwe, kisha mtu huiacha barabara kuu na kuupanda mlima kuelekea nyanda za juu za Kamachumu. Kwenye mpando huo ndipo taa ilipowaka, mwezi Novemba 2022, gari likiwa na watu sita ndani na mifuko ya saruji ya kujengea kaburi la marehemu. Ilikuwa taa ndogo ya manjano yenye maandishi A/T OIL TEMP, yaani joto la oili ya giaboksi. Mpwa wa Mwalimu, aliyekuwa akiendesha, hakuijua. Alifanya ambalo wengi wangelifanya: alisimama, akazima injini, akafungua boneti, akangoja. Taa ilizimika. Wakaendelea kupanda, ikawaka tena.

Juma lililofuata alilipeleka gari kwenye gereji ya mji mwingine. Aliambiwa giaboksi imekwisha na itafutwe nyingine, ya mtumba, kwa bei iliyolingana na kahawa ya misimu miwili. Mwalimu aliposema kwamba fedha hiyo hana, ikapatikana tiba ya bei nafuu. Gari lilirudi na taa haikuwaka tena.

"Wameiponya, shangazi," alisema mpwa.

Mwalimu alishukuru. Miezi minne baadaye, mwezi Machi, kwenye mpando ule ule, ilitoka harufu kama ya sukari iliyoungulia sufuriani. Taa ilikuwa kimya.

Machi hiyo mkoa wa Kagera ulikuwa na joto jingine la kuogopwa. Tarehe 21, Serikali ilitangaza kwamba maradhi yaliyokuwa yakiua watu katika Wilaya ya Bukoba ni homa ya virusi vya Marburg, iliyothibitishwa Tanzania kwa mara ya kwanza. Ilipotangazwa kwisha, tarehe 2 Juni, watu 9 walikuwa wameugua na 6 kati yao wamefariki. Lakini mwezi Aprili hakuna aliyejua kwamba hesabu ingeishia hapo. Vipimajoto vililengwa kwenye vipaji vya nyuso za wasafiri, na mwenye malaria yake ya kawaida alitetemeka mara mbili, kwa homa na kwa hofu. Barazani watu waliulizana kama mtu akimeza vidonge vya kushusha joto kabla ya kupimwa ataweza kupita. Mwalimu aliwakemea jirani zake kwa sauti ya darasani. Homa ni mjumbe, aliwaambia. Mkimziba mdomo, barua haitafika.

Hakujua kwamba shambani mwake mwenyewe mjumbe alikuwa amekwisha kuzibwa mdomo.

Fundi hakuanza kwa kufungua boneti. Aliomba ufunguo, akaketi kwenye kiti cha dereva, akauzungusha mpaka taa za dashibodi zilipowaka kabla ya injini kuunguruma. Hapo ndipo gari hujipima lenyewe: taa za onyo huwaka kwa muda mfupi ili dereva ajue kwamba balbu zake ni nzima, kisha huzimika. Fundi alizihesabu kwa kidole. Betri ipo. Breki ipo. Oili ya injini ipo. Mahali pa taa ya giaboksi palikuwa peusi, kama pengo la jino.

"Mwalimu," alisema, "taa yako haikupona. Imeng'olewa."

Mwalimu alinyamaza kwa muda. Fedha aliyolipa kwa tiba ile haikuwa nyingi, wala si hiyo iliyomuuma. Alikumbuka usiku mmoja wa Februari, mvua ikinyesha, walipompeleka mke wa jirani Ndolage, dereva akiitazama dashibodi kila baada ya kona na kusema, "Iko salama." Wote walikuwa wameuchukulia ukimya kuwa ni uzima. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote juu ya yule anayefichiwa.

Katika gari la otomatiki hakuna klachi ya kukanyaga. Kati ya injini na giaboksi pana chungu cha chuma kilichojaa oili, na ndani yake mapangaboi mawili yanayotazamana. La kwanza huzungushwa na injini na kuisukuma oili. Oili hulizungusha la pili, nalo hupeleka nguvu kwenye gia na magurudumu. Njia ikiwa tambarare, mapangaboi hayo huzunguka karibu sawa. Mzigo ukiwa mzito na mlima ukiwa mkali, la kwanza hukimbia na la pili huburuta miguu, na tofauti ya mwendo wao hugeuka kuwa joto. Oili hulichukua joto hilo, hupita nalo kwenye mabomba hadi kwenye rejeta, ikalikabidhi kwa maji, nayo maji hulikabidhi kwa upepo unaovutwa na feni. Oili hiyo hufanya kazi yake vizuri ikiwa kwenye nyuzi 80 hadi 95 hivi za Selsiasi. Ikipita hapo mno na kwa muda mrefu huungua, huacha kulainisha inavyopasa, na sahani za klachi zilizomo ndani ya giaboksi huanza kulika.

Kwa hiyo taa ile haikusema kwamba giaboksi imekufa. Ilisema kwamba joto linaingia kwa wingi kuliko linavyotoka. Umbali kati ya maneno hayo mawili ndio uliokaribia kumgharimu Mwalimu kahawa ya misimu miwili. Na ndiyo sababu kitabu cha gari huagiza jambo ambalo dereva wetu angelistaajabia: taa ikiwaka, simama mahali salama, weka gia kwenye P, na uiache injini ikiunguruma mpaka taa izimike. Injini ikizimwa, pampu husimama, na oili hubaki na moto wake pale pale ilipo.

Kijana wa spana, aliyekuwa na hamu ya kazi kubwa, alishauri giaboksi ishushwe. Fundi alimtazama.

"Joto linatoka wapi?" alimwuliza. "Na linakwenda wapi?"

Kijana hakujibu. Kwenye benchi, Mwalimu aliinua kichwa. Yalikuwa maneno aliyokuwa akiyaandika ubaoni kwa chaki kila mwaka, kabla ya kuwasha mshumaa mbele ya darasa. Fundi mwenyewe hakuonekana kukumbuka alikoyatoa.

Alianza na oili, na hapo lilidhihirika kosa la kwanza. Mpwa alikuwa akiipima injini ikiwa imezimwa, kama apimavyo oili ya injini, na kila mara kijiti kilimwonyesha kwamba imejaa. Giaboksi hii hupimwa ikiwa imepata moto, injini ikiwaka, baada ya kuipitisha gia katika kila nafasi na kuirudisha P. Ilipopimwa hivyo, oili ilikuwa chini ya alama. Fundi alidondosha matone machache kwenye kitambaa cheupe. Oili mpya ya aina hii ni nyekundu kama juisi ya rozela. Kama ingekuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa sharubati, ingekuwa dalili ya maji ya rejeta kupenya ndani, na huo ungekuwa msiba mkubwa. Hii ilikuwa ya kahawia, kama chai ya rangi iliyolala, na iliwasha pua. Alimpa Mwalimu anuse. Ndiyo harufu ile ya mlimani.

Kisha aliliendesha gari kwenye vilima vya karibu kwa nusu saa. Aliporudi alitwaa kipimajoto cha kulenga, ndugu wa kile kilichokuwa kikiwatisha wasafiri, ila hiki kilitengenezwa kwa ajili ya vyuma. Alilenga bomba linalopeleka oili kwenye rejeta: nyuzi 117. Akalenga bomba linaloirudisha: 110. Oili ilikuwa ikienda kuoga na kurudi na jasho lake. Akazima injini, akaishika feni. Feni ya gari hili hushikwa na klachi yenye majimaji mazito, na injini ikiwa na moto inapaswa kuugomea mkono. Hii ilizunguka kwa kidole kimoja, kama gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa.

Ilibaki rejeta. Mtu akiitazama kutoka mbele aliiona safi, kwani vijana waosha magari walikuwa wakiipiga maji kila juma. Lakini kinachoonekana kutoka mbele si rejeta. Ni kipozeo cha kiyoyozi kilichotangulia, na kati ya viwili hivyo pana mwanya wa vidole vichache ambao mkono haufiki. Walipovitenganisha walikuta blanketi. Lilikuwa tope jekundu lililokauka, nyuzi za migomba, mbegu za nyasi, na ndani yake mamia kwa mamia ya mabawa makavu.

"Senene!" alisema kijana wa spana, akacheka.

Asiyeijua Bukoba na aelezwe kwamba senene ni panzi warukao usiku kwa makundi makubwa, hasa Novemba na Desemba, wakiufuata mwanga. Kwa Wahaya ni kitoweo cha heshima: hunyofolewa mabawa na miguu, hukaangwa, hupelekwa zawadi kwa ndugu walio mbali. Gari linalosafiri usiku katika msimu wao hupita katikati ya mvua ya mabawa. Mwalimu alisimama kutoka kwenye benchi na kuja kutazama. Marehemu aliwapenda senene kama mtoto. Walipokuwa wakitoka kibanja usiku, alikuwa akilisimamisha gari njiani na kuziacha taa kubwa zikiwaka ili wamfuate, kisha akashuka na mfuko, suruali ameikunja, akiwakusanya na kumwita mkewe naye ashuke. Misimu ya miaka 12 ilikuwa imelala pale, mmoja juu ya mwingine, mpaka upepo ukakosa pa kupita. Mwalimu alichukua bawa moja, likavunjika kati ya vidole vyake. Akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Rejeta ilioshwa kwa maji ya kasi ndogo, kutoka upande wa injini kwenda nje, ili mapezi yake mepesi yasilale. Klachi ya feni ilibadilishwa. Oili ilimwagwa na sampo ikashushwa. Ndani ya sampo hukaa sumaku inayokusanya chembe za chuma. Fundi aliipangusa na kuiweka mkononi mwa Mwalimu. Palikuwa na uji wa kijivu, laini kama majivu, ambao ni uzee wa kawaida. Palikuwa pia na vipande viwili vyembamba, vinavyong'aa.

"Hivi viwili sivipendi," alisema fundi.

"Vimetoka wapi?"

"Ndani. Nadhani ni vya miezi hii ambayo taa haikuwepo. Mwalimu, siwezi kukuapia kwamba giaboksi ni nzima. Ninachoweza kukuambia ni kwamba sasa joto lina njia ya kutokea. Tutaimwaga oili tena baada ya kilomita 1,000, na tutaitazama sumaku."

Jibu hilo halikuwa tamu, na mwenye gari angeweza kuondoka akamtafute anayeapa. Malipo ya kazi yote hayakufika sehemu ya kumi ya ile bei ya kwanza. Si lazima kusema kwamba mafundi wa kwanza walikuwa wezi. Kubadilisha ni rahisi kuliko kuuliza, na aghalabu mteja mwenyewe hutaka taa izimike zaidi ya anavyotaka kujua kwa nini imewaka. Mwalimu alikuwa mkali kwa kila mtu, lakini si mdanganyifu kwa nafsi yake. Jioni ile alimwambia mpwa wake kwamba gari liliporudi kutoka mji ule, aliuliza swali moja tu, nalo lilikuwa la bei.

Kilichofungwa mwisho kilikuwa balbu, kitu kidogo kuliko punje ya mahindi.

Jumamosi iliyofuata waliupanda mlima wa Muhutwe, mpwa akiendesha, Mwalimu mbele, fundi nyuma na kipimajoto chake. Pale mpando ulipokuwa mkali kuliko pote, fundi alimwambia mpwa asimame na aingize gia ya nguvu, ili injini izunguke kwa wepesi na pangaboi la kwanza lisimwache mwenziwe nyuma. Gari lilipanda polepole kama ng'ombe aendaye kisimani. Mwalimu hakutazama nje hata mara moja, yeye ambaye huwa anazihesabu nyumba za jamaa njia nzima. Aliikazia macho taa. Haikuwaka. Juu, bomba la kwanza lilisoma nyuzi 98 na la pili 81, na fundi alisema, "Inatosha." Mwalimu hakusema kitu. Moyoni alitamani iwake walau mara moja, ili ajue kwamba ikinyamaza inanyamaza kweli.

Kaburi lilikamilika mwezi Juni. Mwezi Julai gari lilirudi gereji, oili ikamwagwa. Safari hii ilitoka nyekundu, imefifia kidogo tu. Kwenye sumaku palikuwa na uji wa kijivu, mchache, na kipande kimoja kinachong'aa.

"Kimoja," alisema Mwalimu.

"Kimoja," alisema fundi. "Tutaitazama tena."

Alikifunga kwenye kikaratasi, kama muuguzi afungavyo kidonge, na Mwalimu akakitia mkobani. Kisha akaketi kwenye kiti cha dereva, mahali ambapo hakuwa na desturi ya kukaa, akauzungusha ufunguo nusu, akazihesabu taa kwa kidole. Zilikuwa zote. Ndipo akaiwasha injini, nazo zikazimika.